Daftari la muuguzi wa shule
Mimi ni muuguzi wa shule, na muhula huu nimeona jinsi daftari langu la wagonjwa lisivyo na faida likibaki kabatini. Mtoto mmoja alikuwa akija kuvuta dawa ya kufungua njia ya hewa zaidi ya mara 2 kwa wiki, dalili kwamba pumu yake haijadhibitiwa, ilhali mama yake alidhani anaendelea vizuri, daktari hakuwa na habari, na mwalimu wa michezo (bila nia mbaya) alimwona mvivu. Kwa idhini ya mama, niliwakutanisha. Ikabainika kwamba dawa ya kinga, ambayo hutumiwa kila siku hata mtoto asipokohoa, iliachwa mara alipopata nafuu. Sasa mwalimu ndiye anayemkumbusha kupasha mwili moto kabla ya mbio.