Shangazi anauliza dhahabu, mi nina vifungo

Mtu yeyote akisikia natembea mashambani na ditekta, mashine ya kutafuta metali ardhini, swali la kwanza ni hilohilo, umepata dhahabu? Shangazi yangu kule Tanga nikishamwamkia tu ndo anachouliza, "Marahaba mwanangu, haya, dhahabu vipi?" Namjibu shangazi nimepata kifungo, anacheka sana, lakini mi naongea kweli toka moyoni. Kifungo cha koti kilichomdondoka mtu miaka mia mbili iliyopita na toka siku ile hakuna mkono mwingine uliokigusa mpaka wangu, hiyo kwangu ni furaha kubwa mno na leo nataka nieleze kwa nini, maana nimechoka kueleza kwa simu vipande vipande.

Naishi Suffolk, mashariki ya Uingereza. Huku ni kilimo tupu, ngano na shayiri mpaka macho yanachoka. Wakishavuna, kama mwezi wa nane hivi, mpaka wapande tena, hapo katikati ndo msimu wetu. Na msidhani unaingia tu shambani kwa mtu na mashine yako, hapana, lazima mwenye shamba akuruhusu, na ni vizuri mkaandikishana kabisa kwamba kikipatikana kitu cha thamani mnagawanaje, wengi wanakubaliana nusu kwa nusu. Maeneo ya kale yaliyosajiliwa na serikali hayo usiguse bila kibali. Wapo wanaokuja usiku kuchimba kwa wizi na watu hao wananikera kuliko ninavyoweza kuandika hapa.

Ditekta yenyewe inafanya kazi hivi. Ile sahani ya chini, koili, inatoa nguvu ya sumaku inayobadilikabadilika, ikikutana na metali chini ya udongo inaamsha umeme mdogo ndani ya kile kitu, na huo umeme unarudisha jibu kwenye mashine, we unalisikia kwenye hedifoni. Chuma inanguruma nzito. Shaba na fedha zinalia sauti ya juu, safi. Tatizo ni hapo katikati, maana karatasi ya foili, kishikio cha kopo la bia na kasarafu kadogo ka fedha ka miaka ya 1200 vyote vinaweza kulia karibu sawa, kwa hiyo ukisema utachimba sauti nzuri tu utaacha vitu vizuri vingi ardhini. Mi nachimba zote. Sarafu nyingi zinakuwa ndani ya sentimita 15 au 20 hivi, yaani humohumo plau inamofika, udongo ukiwa na unyevunyevu mashine inasikia vizuri zaidi, na shimo ukishachimba unalifukia na kulikanyaga, mwenye shamba asijue hata ulipopita.

Sasa vifungo. Kwa nini shamba la ngano lina vifungo vingi kiasi kile? Wakulima zamani walifanya kazi wamevaa makoti na vizibao, uzi ukikatika kifungo kimeenda, hiyo ni sababu moja. Lakini kuna nyingine nilivyoisoma ilinishangaza. Miaka ya 1800 matambara ya sufu yalikuwa mbolea! Nguo zilizochakaa kabisa zilikatwakatwa zikamwagwa shambani zioze, maana sufu ina naitrojeni na inaoza polepole, kule Kent wakulima wa hops, lile ua la kutengenezea bia, walizitegemea sana. Na takataka na samadi ya London ilipakiwa kwenye majahazi ya mto Thames ikapelekwa mashamba ya pwani hii ya mashariki, jahazi likirudi linabeba majani makavu ya kulisha farasi wa mjini. Kwa hiyo kifungo unachookota leo kwenye kijiji ambacho hakina hata duka kinaweza kuwa cha mtu wa London ambaye hajawahi kukanyaga hapo.

Vingine havina maandishi wala pambo, ni viduara tu vya shaba na kitanzi nyuma. Lakini ukigeuza baadhi unakuta nyuma kumeandikwa Treble Gilt, maana yake kimepakwa dhahabu kiasi cha mara tatu ya kawaida, na ukikisafisha taratibu kwa maji tu (tafadhali msisugue!) unaona ile dhahabu bado inawaka kwenye ukingo. Halafu kuna vya watumishi wa matajiri. Ukoo mkubwa ulikuwa na alama yake, simba au mkono umeshika upanga au kichwa cha ndege, na waendesha magari ya farasi na watumishi wa mlangoni walishonewa makoti yenye vifungo vya alama hiyo. Na kuna vya wanajeshi, vina namba ya kikosi, ukishapata namba unaweza kufuatilia kikosi kile kilipigana wapi. Mimi nakaa na kifungo kimoja jioni nzima natafuta alama ni ya nani, mke wangu ameshazoea, siku hizi anaulizia mwenyewe, "Baba Rehema, huyu naye alikuwa nani?"

Hapo ndo penyewe. Dhahabu inakwambia tajiri alikuwa nani, ambaye tayari ameandikwa vitabuni na sanamu yake ipo kanisani. Aliyelima lile shamba, aliyebeba miganda mvua inanyesha, hana maandishi popote, ana kifungo na ana peni iliyolika, ile sarafu ndogo ya Kiingereza.

Peni nayo ina habari zake. Ninayoipenda kuliko zote ni ile ya 1797 ya mfalme George wa Tatu, wanaiita gurudumu la mkokoteni, nene, nzito, wakia moja kamili, kama gramu 28, ukiishika kiganja kinajaa. Ilipigwa Birmingham na Matthew Boulton kwa mashine za mvuke, na huyu Boulton kiwandani kwake Soho alikuwa anatengeneza pia vifungo na bizimu za viatu, kwa hiyo shamba moja linaweza kukupa kifungo na peni kutoka kwa bwana yuleyule. Za zamani zaidi ni zile nyembamba za fedha za kugongwa kwa nyundo. Kuanzia 1247 msalaba wa nyuma uliongezwa urefu mpaka ukingoni ili mtu akipunguza fedha pembeni ionekane, na hapohapo watu wakitaka chenji walikuwa wanaikata peni nusu au robo kufuata mistari ya ule msalaba. Ukiokota robo hiyo unajua kabisa mtu alienda kununua kitu kidogo, mkate au bia, na chenji ikamponyoka njiani.

Basi nikija kwenye jambo ninaloling'ang'ania na watu wananiona msumbufu: andika ulipokiokota! Kila kitu nachopata naandika sehemu kwa GPS palepale kabla sijahama, halafu nampelekea ofisa wa mpango wa kusajili vitu vya kale unaosimamiwa na British Museum, makumbusho makubwa ya London, ulianza 1997 na mpaka sasa una vitu zaidi ya milioni moja na nusu vilivyookotwa na watu wa kawaida kama mimi. Vile vinavyohesabika kuwa hazina kisheria, mfano kitu cha dhahabu au fedha cha zaidi ya miaka 300, lazima utoe taarifa ndani ya siku 14. Vifungo vya shaba na peni moja moja sheria haikulazimishi, mi napeleka tu.

Angalia kilichotokea Hoxne, hukuhuku Suffolk. Mwezi wa 11 mwaka 1992 mkulima alipoteza nyundo yake shambani akamwomba rafiki yake Eric Lawes aje na ditekta aitafute. Badala ya nyundo akakuta sarafu na vijiko vya fedha na minyororo ya dhahabu, mali ya wakati wa Warumi, hesabu ya sarafu peke yake ilifika 14,865. Bwana Lawes alifanya jambo ambalo namheshimu mpaka leo, aliacha kuchimba akatoa taarifa, wataalamu wakaja wakafukua taratibu. Ndo maana tunajua mali ile ilipangwa ndani ya sanduku la mbao lenye visanduku vidogo ndani yake, mbao zenyewe zilishaoza karibu zote, angeendelea na koleo lake ushahidi huo usingebaki. Nyundo nayo ilipatikana, ipo British Museum pamoja na hazina.

Na sisi watu wa pwani tunalo la kwetu zito kuliko hilo. Sarafu ya Kilwa ni kishaba kidogo tu, mbele jina la sultani, nyuma maneno ya kumtegemea Mungu, na pande mbili zinakwenda kwa vina. Moja ya sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule aliyekuwepo msafiri Ibn Battuta alipofika Kilwa 1331, ilipatikana Great Zimbabwe, ule mji wa kale wa mawe. Pale ilipokutwa ndo thamani yake yote, kwa sababu inaunganisha bandari yetu na nchi ya dhahabu kule bara. Nyingine tano zilikutwa kwenye mchanga wa visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, mwaka 1944, na askari wa anga aliyeitwa Morry Isenberg, ambaye baadaye aliweka alama kwenye ramani kuonyesha alipoziokota. Mpaka leo watu wanabishana zilifikaje kule. Bila ile alama kusingekuwa hata na cha kubishania, zingekuwa sarafu tano kwenye kopo la mzee.

Kwa hiyo ndugu zangu mnaoniandikia inbox mnataka niwaletee ditekta mkapige Kilwa au Tongoni au magofu ya Lamu, jibu langu ni hapana na nitaendelea kusema hapana. Tanzania ina sheria ya mambo ya kale toka 1964, Kenya ina ya 2006, huwezi kuchimba bila kibali, na hata kama sheria isingekuwepo, pale hapajawahi kulimwa na trekta kama huku kwetu Suffolk, kila kitu bado kimelala tabaka kwa tabaka na shimo moja la haraka linavuruga yote. Ukikuta kitu kimejitokeza chenyewe baada ya masika au bahari kula ufukwe, piga picha, andika ni wapi hasa, peleka makumbusho.

Ambacho mnaweza kufanya bila kuchimba popote ni kufungua kopo la bibi la sarafu za zamani. Zile senti za Afrika Mashariki zenye tundu katikati nyingi zilipigwa Birmingham vilevile, ukiona H ni kiwanda cha Heaton, ukiona KN ni Kings Norton. Tafuteni ya senti 10 ya mwaka 1936 yenye jina la EDWARDVS VIII. Huyo ni mfalme Edward wa Nane, alikaa kwenye kiti chini ya mwaka mmoja akaachia, Uingereza kwenyewe hakuna sarafu yake iliyoingia rasmi kwenye mzunguko, lakini bibi zetu walinunulia chumvi na viberiti sarafu yenye jina lake. Mwenye nayo anitumie picha pande zote mbili, na amuulize bibi aliipata wapi, aandike na hilo.