Kiendelezi Kimoja, Matoleo Mawili

Kila kiendelezi (programu ya nyongeza) cha PostgreSQL, mfumo wa kusimamia kanzidata, kina matoleo mawili: la faili zilizoko kwenye diski ya seva, na la maelezo ya SQL yaliyosajiliwa ndani ya kila kanzidata inayokitumia. Nilikuwa nikilijua jambo hili kwa kulisoma tu, hadi tulipohamisha kanzidata za ofisini kutoka toleo la 12 la PostgreSQL kwenda la 16.

Mwanzoni pg_upgrade, zana ya kuhamishia kanzidata kwenye toleo jipya, iligoma, kwa kuwa seva mpya haikuwa na contrib, kifurushi cha viendelezi vinavyotolewa pamoja na PostgreSQL, na majina ya maktaba zilizokosekana yakaandikwa kwenye faili la loadable_libraries.txt. Hilo halikuchukua hata nusu saa. Kazi ikaisha, nikaenda kulala.

Wiki kadhaa baadaye mwenzangu alitaka kujua hoja zipi (maombi ya data yanayotumwa kwa kanzidata) zinachelewesha mfumo. Akauliza safu ya total_exec_time, yaani jumla ya muda wa kutekeleza, katika pg_stat_statements, kiendelezi kinachoweka takwimu za hoja, akajibiwa kuwa haipo, ingawa nyaraka zinaeleza kwamba tangu toleo la 13 muda wa kupanga hoja umetenganishwa na muda wa kuitekeleza. Nilipotazama pg_extension, orodha ya viendelezi vilivyosajiliwa katika kanzidata, nikakuta toleo la 1.7 la kiendelezi hicho, ilhali diski ya seva ilikuwa na 1.10. Amri zote za kusasisha zilikuwa katika update_extensions.sql, faili ambalo pg_upgrade iliniachia na ambalo sikulifungua.

Nikaandika ALTER EXTENSION pg_stat_statements UPDATE kwa mkono, nayo ikakataa. Hati (faili la amri za SQL) ya kutoka 1.7 kwenda 1.8 hufuta mwonekano wa zamani, yaani hoja iliyohifadhiwa na kusomwa kama jedwali, na kuuunda upya, na juu ya mwonekano huo nilikuwa nimejenga wa kwangu kwa ajili ya ripoti za kila Jumatatu. Ilinibidi niufute, nisasishe, kisha niuandike tena kwa majina mapya ya safu.

Siwalaumu wanaotunza moduli hizi. Kinyume chake, nawastahi. Hati iliyokwisha kutolewa hawaigusi: usakinishaji wa pg_stat_statements hata leo huanzia hati ya 1.4, kisha hupanda hatua kwa hatua, na msimbo wa C hulazimika kuyahudumia maelezo ya zamani pamoja na mapya. Ndiyo maana 1.7 yetu iliendelea kufanya kazi ndani ya toleo la 16 bila kulalamika, na ukimya huo ndio ulionipumbaza. Uvumilivu wao una kikomo, lakini si cha haraka: utafutaji wa maandishi uliingizwa katika kiini cha PostgreSQL mwaka 2008, na tsearch2, kiendelezi cha zamani cha kazi hiyo, ikaondolewa katika toleo la 10, mwaka 2017.

Siku hizi nalinganisha installed_version na default_version katika pg_available_extensions, kanzidata moja baada ya nyingine, ikiwemo template1, kiolezo ambacho kanzidata mpya hunakiliwa kutoka kwake. Hiyo niliisahau, kanzidata mpya tuliyoiunda mwezi uliofuata ikazaliwa na 1.7 ileile.