Kura za maroboti

Juzi binti yangu alinionyesha video yenye maelfu ya laiki. "Baba, hawa wote wameipenda kweli?" Akili yangu ikakimbilia Steemit, mtandao wa kijamii uliolipa maandiko, mwishoni mwa Agosti 2019.

Kule kura ilikuwa hela. Sehemu kubwa ya tokeni mpya za Steem, sarafu ya kidijitali ya mtandao ule, iliingia kwenye mfuko mmoja, nasi tukaigawa kwa kura. Mwenye Steem Power nyingi, yaani Steem alizozifungia kwenye akaunti, kura yake nzito. Basi watu wakafuga maroboti, programu za kupiga kura zenyewe: unalitumia hela na kiungo cha andiko lako, linakupigia kura nono. Malipo ya kura hiyo yalitoka mfuko uleule uliopaswa kuwalipa waliokesha wakiandika. Kupinga nako kulikuwa ghali, maana kura ya kupinga ilikula nguvu uliyotaka kuwapa wenzako. Hadi mabadiliko ya Agosti ile yakatutengea akiba ya kupingia.

Usiku ule nilifungua andiko la mistari mitano, faida za tangawizi, limeibwa neno kwa neno. Maoni hakuna hata moja. Nikachungulia blokicheni, daftari la wazi linaloandika kila kura kwa mafungu yaitwayo bloku: kura nzito zimeingia kwa mkupuo, bloku moja, sekunde tatu. Zilibaki saa chache tu kabla ya malipo, kwani andiko hulipwa siku ya saba. Nikabonyeza mshale wa chini. Malipo yaliyoonyeshwa yakapungua senti. Nikawaita wenzangu, akabonyeza wa Arusha, wa Mombasa, dada mmoja wa Mwanza. Senti, senti. Kisha akaunti moja kubwa iliyokuwa ikiwasaka wezi wa maandiko ikaingia, na ile namba ikaporomoka hadi sifuri huku tukiitazama. Nilipiga kelele, nikaamsha nyumba nzima.

Asubuhi kisasi cha mwenye andiko, kura zake za kupinga, kikawa kimeshapita kwenye maandiko yetu yote yaliyokuwa yakisubiri malipo. Dada wa Mwanza malipo yale ndiyo yalimnunulia bando, na andiko lake zuri la wachuuzi wa dagaa lilisoma sifuri. Nilimpigia kumpa pole.

"Kaka, nguvu ikirudi tunampinga tena," akasema.

Niliwaomba wenye akaunti kubwa wamwinue kwa kura zao. Aliitika mmoja. Machi 2020 wengi wetu tulihamia Hive, mtandao uliochipuka kutoka Steem; dada yule hakuja. Huenda ni bei ya Steem iliyomchosha, huenda ni kisasi kile. Kupinga wizi ule kulikuwa haki, naamini hivyo hadi leo, lakini kila nikikumbuka usiku ule najiuliza kwa nini hatukumwekea ulinzi yeye kwanza.