Moto kichaa: ninavyolinda kaya na mizinga ya nyuki wilayani Bahi

Sehemu kubwa ya nyasi zilizobeba moto hadi mji wa Lahaina, kisiwani Maui, Agosti 8, 2023, asili yake ni Afrika. Nyasi za ginea na Cenchrus ciliaris, hii inayopandwa Kongwa kwa malisho, zilipelekwa Hawaii kulisha ng'ombe, kisha zikatapakaa kwenye mashamba ya zamani ya miwa bila wa kuzila. Sisi angalau tuna mifugo. Mtama ukishavunwa, naachia ng'ombe na mbuzi wamalize nyasi upande wa kusini-mashariki wa kaya, unakotoka upepo wa kiangazi.

Mkanda wa kuzuia moto naupiga mwezi Mei, nyasi zinapoanza tu kugeuka njano. Upande wa upepo mita 10, kwingine mita 5 zinatosha. Kufyeka peke yake si kazi: majani yakiachwa palepale yanakauka na kuwa utambi. Nayakusanya kwa reki, yanakwenda zizini, halafu nakwatua kwa jembe hadi udongo mtupu. Visiki vikavu ndani ya mkanda ving'olewe, maana moto hupita kwenye mizizi na kuibukia upande wa pili. Wapo wanaochoma mkanda badala ya kulima. Hilo linataka kibali, linataka alfajiri yenye umande na watu wa kutosha, mimi silipendi.

Nyumba za tembe zina faida ambayo watu huisahau: cheche ikiangukia paa la udongo inazimika. Tatizo ni mabua ya uwele tunayorundika juu yake, na ua wa miiba mikavu unaotoka zizini hadi jikoni. Mabua nayaweka mbali, na ua naukata, naacha pengo la mita 3.

Mizinga natundika kwa waya, si kamba. Kamba ikiungua mzinga unadondoka penye moto. Chini yake nakwatua duara la mita 3. Kurina kwa mwenge wa nyasi nilishakataza, kwani makaa yake yanadondoka njia nzima. Bomba la moshi la kufukizia nyuki linafaa, ila majivu yake yamwagiwe maji kabla ya kuondoka.

Maji: pipa la lita 200 na bomba la mgongoni la lita 16, yote yamejaa kuanzia Juni. Simtanki inadanganya. Bomba lake la plastiki likiyeyuka, maji yote yanamwagika huku wewe unatafuta ndoo. Lahaina mabomba ya nyumba zilizoungua yalivuja, presha ikashuka, zimamoto wakakosa maji. Kwa hiyo bomba langu nimelifukia sentimita 30, na koki iliyo kwenye tangi ni ya chuma.

Moto ukionekana, piga 114, namba ya zimamoto, hata kama gari liko mbali, na mwenyekiti wa kitongoji aite watu. Usisimame mbele ya moto. Anzeni nyuma, palipokwisha kuungua, mkienda ubavuni kuelekea kichwa, yaani ncha ya mbele ya moto. Tawi bichi libane moto chini na kuuvuta kuelekea palipoungua; ukilirusha juu unatawanya cheche.

Kinachonipa wasiwasi zaidi ni baada ya hapo. Uchunguzi wa Lahaina ulionyesha kuwa moto wa mchana ulitokana na ule wa asubuhi, ambao ulidhaniwa umezimika. Kwetu mahali pa kujificha moto ni samadi kavu. Rundo linaweza kuungua kwa ndani siku kadhaa, juu likionekana jivu la kawaida, moshi mwembamba kama hakuna kitu. Kumwaga maji juu hakusaidii, yanateleza. Lipasue kwa jembe, litandaze liwe unene wa kiganja, mwagia, geuza, mwagia tena. Kisha sogeza mgongo wa mkono karibu bila kugusa. Ukisikia joto, rudia. Magogo nayo yageuzwe. Mlinzi mmoja abaki na bomba la mgongoni usiku huo na kesho yake mchana, upepo unaporudi.