Mashine yangu ndiyo iliyobeba mapunye

Januari, wiki ya kufungua shule, nilinyoa vichwa arobaini na kitu kwa siku mbili. Kibanda changu kipo hapa Mwanga, Kigoma: kiti kimoja, kioo kimoja, mashine mbili. Hii ikipata moto naiweka, nashika ile. Msimu huo mzazi anamleta mtoto, anasema "kipara", analipa, anaondoka. Kichwa cha mtoto hukitazami vizuri, unatazama foleni.

Wiki tatu baadaye akaja bibi mmoja wa Ujiji, mteja wangu wa siku nyingi, na wajukuu zake watatu. Nilimpa shikamoo, akaitikia bila kukaa. Akamvua yule mdogo barakashia, akasema, "Haya mwanangu, tazama kazi yako."

Juu ya utosi kulikuwa na duara kama sarafu ya shilingi mia, limepauka, lina magamba kama unga wa muhogo uliomwagika. Nywele zimekatikia palepale kwenye ngozi, zimebaki nukta nyeusi. Mkubwa alikuwa na maduara mawili. Wa kati hakuwa na duara la kuonekana, lakini tezi za nyuma ya shingo zilikuwa zimevimba, ukigusa unazihisi kama punje za mahindi.

Nilitaka kujitetea, nikakumbuka. Kabla ya hao watatu nilimnyoa kijana mmoja wa shule ya msingi mwenye magamba kichwani, mimi nikasema moyoni, huyu ana mba. Nilipomaliza nikapuliza meno ya mashine kwa mdomo, nikanyunyiza spiriti mara mbili, nikafuta kwa brashi. Brashi ileile niliyomfutia shingo. Kisha nikaita, "Anayefuata!"

Ninaye mteja wa Jumamosi, tabibu wa kituo cha afya. Nilimsubiri akae kitini, maana hapo hawezi kukimbia, nikamuuliza. Akaniambia fangasi wa mapunye chakula chao ni keratini, ile inayojenga nywele, kucha na ngozi ya juu. Kipande cha nywele kilichonasa kwenye meno ya mashine kwao ni nyumba na akiba ya chakula, wanaweza kukaa humo miezi. Na spiriti ya kunyunyiza na kufuta papo hapo haina kazi kubwa: inakauka kabla haijawafikia, na ule uchafu wa nywele na mafuta unawakinga. Miaka tisa nilikuwa nawapa wateja harufu ya usafi tu.

Nikamuuliza mbona watu wazima ni nadra kuwaona na mapunye. Akasema mtu akibalehe mafuta ya ngozi ya kichwa yanabadilika, fangasi wale hawayapendi. Ndiyo maana yanawaandama watoto, nao hawaambukizwi na vinyozi peke yetu. Wanabadilishana kofia madrasa, wanachangia kitana na mto mmoja, wanabeba vitoto vya paka vyenye manyoya yaliyonyonyoka.

Bibi naye alikuwa ameshaanza tiba yake: kitunguu saumu, kisha mafuta ya taa (mtoto akatoka malengelenge), kisha tyubu ya krimu ya dukani. Krimu kwa mashilingi, yale maduara ya fangasi kwenye ngozi ya mkononi au tumboni, inatosha mara nyingi. Mapunye ya kichwani hayaponi kwa krimu, kwa sababu fangasi wameingia hadi kwenye shina la nywele, chini ya ngozi. Yanataka vidonge. Kituoni walipewa griseofulvin, dozi kwa uzito wa kila mtoto, wiki sita hadi nane, imezwe na chakula chenye mafuta ndipo mwili uipokee vizuri. Bibi akauliza, "Dagaa wa mawese je?" Tabibu akacheka, akasema hao hao. Nusu ya pesa ya dawa nilitoa mimi, na sikuona uchungu.

Hapa niseme jambo linaloniudhi. Kuna watu kila kinachowasha wanapaka krimu ya betamethasone, ileile wanayochanganya kwenye mkorogo wa kujichubua. Muwasho unatulia, wekundu unapungua, mtu anasifia. Kumbe imetuliza ngozi tu, fangasi wanaendelea kutambaa chini kwa chini, na duara linapoteza umbo hadi tabibu mwenyewe anapata taabu kulitambua. Na mtoto akivimba kichwani kama jipu lenye usaha juu ya mapunye, usikamue wala kupasua. Mpeleke kituoni.

Fangasi wa miguuni kwa wavuvi wa Kibirizi, wanaoshinda na mabuti yenye maji, ni habari nyingine, ila ni ukoo uleule: osha, kausha katikati ya vidole, badili soksi.

Siku hizi nina seti tatu za meno. Natoa seti, napiga brashi nywele zote ziishe, naosha kwa sabuni, nakausha, naloweka kwenye spiriti ya asilimia 70 dakika kumi. Brashi ya shingo nimeitupa. Taulo kila mtu aje na lake, asiye nalo namfungia tishu shingoni. Mtoto mwenye duara simnyoi, namwelekeza kituoni. Mama mmoja alininunia, akampeleka mwanawe kibanda cha pili, na huko alinyolewa bila swali.

Bibi alirudi mwezi wa nne. Yule mdogo nywele zimeota laini pale utosini, kama manyoya ya kifaranga. Kabla hajamkalisha mtoto, akanyoosha mkono nimpe mashine. Akaisogeza karibu na macho, akapitisha ukucha kwenye meno.

"Na hii umeichemsha?"

"Haichemshwi bibi, ni ya umeme. Nimeloweka meno."

"Loweka tena, nione."

Nikaloweka. Akavuta kiti, akakaa kunihesabia dakika.