Kupima paa la faiba kwa sauti: nilivyounda kifaa cha kubeba begani

Mapaa ya faiba ya magari ya safari, yale yanayoinuliwa ili watalii wasimame watazame wanyama, yana ugonjwa mmoja unaojificha. Tabaka za mati (mikeka ya nyuzi za kioo) na resini, gundi inayozishika, hubanduka kwa ndani huku rangi ya juu ikiendelea kung'aa. Fundi wa karakana hapa Arusha hugonga kwa sarafu na kusikiliza. Sikio zuri hulikamata pengo kubwa lililo karibu na uso, ila kina chake halikijui. Nilitaka apate kina hicho palepale gari lilipoegeshwa, kwa kifaa kinachotuma sauti ndani ya paa na kupima muda ambao mwangwi wake unachukua kurudi.

Uamuzi uliobeba mengine yote ulikuwa wa masafa, yaani sauti itetemeke mara ngapi kwa sekunde. Kwenye chuma, wapimaji wengi hutumia megahezi 2 hadi 5 (megahezi moja ni mitetemo milioni moja kwa sekunde). Ndani ya faiba, nyuzi za kioo na viputo vya hewa hutawanya mawimbi mafupi namna hiyo, na mwangwi hurudi hoi. Nikachagua megahezi 1. Sauti hupita kwenye faiba kwa takriban mita 2,700 kwa sekunde, hivyo urefu wa wimbi ni kama milimita 2.7. Vitundu vidogo hutaviona, na mimi nilikubali hasara hiyo, kwa sababu tabaka zilizobanduka huacha hewa katikati, na hewa hata ikiwa nyembamba kama karatasi huirudisha sauti karibu yote.

Tatizo gumu zaidi lilikuwa wembamba wa ganda. Mwangwi kutoka upande wa pili wa ganda la milimita 6 hufika baada ya mikrosekunde (milioni za sekunde) 4.4, probu, yaani kichwa kinachotuma na kupokea sauti, ikiwa bado inatetemeka kwa pigo lake yenyewe. Niliweka mbele yake kipande cha pleksiglasi (plastiki ngumu inayong'aa kama kioo) cha milimita 20. Sauti hutumia karibu mikrosekunde 15 kwenda na kurudi humo, kwa hiyo mwangwi wa faiba unapofika probu imeshatulia.

Umeme haukunisumbua kama watu wanavyodhani. Pigo la volti zaidi ya 100 linaloitetemesha probu hudumu nusu mikrosekunde tu, na betri ya lithiamu hujaza kapasita, kihifadhi cha chaji, taratibu kati ya pigo na pigo. Kinachopiga kelele, yaani kuchafua mawimbi ya umeme ya mwangwi, ni saketi ya kupandisha volti, nami huizima wakati wa kusikiliza. Kisha nachukua wastani wa mapigo 16, kelele iliyobaki inapungua mara nne.

Jua nalo lina neno lake. Resini ikipata joto, mwendo wa sauti hupungua na kipimo cha kina huyumba. Kipande changu cha kulinganishia, cha faiba yenye unene ninaoujua, hukaa kwanza juu ya paa lenyewe hadi kipate joto lilelile, ndipo napaka jeli ya kupitisha sauti kati ya probu na paa na kuanza.

Mapaa yenye povu katikati ya ganda mbili ni habari nyingine: povu hulimeza wimbi la megahezi 1. Kwa hayo fundi bado anagonga sarafu, nami natengeneza jozi ya probu za kilohezi (maelfu ya mitetemo kwa sekunde), moja ya kutuma na nyingine ya kupokea, zisizohitaji jeli.