Siku yangu moja na stata iliyochoka ya Morris Minor

Saa 1 asubuhi nipo gereji, kazi ya leo ni Morris Minor 1000, gari dogo la zamani la Kiingereza, mwenye gari anasema stata, ile mota ya kuwashia injini, inazungusha injini kivivu na injini ikishapata moto ndo kabisaa haitaki. Wengi wakisikia hivyo wanakimbilia kununua stata nyingine. Mimi sifungui kitu kabla sijapima. Betri imetulia, volti 12.6, haina neno. Nikaweka mita kati ya nguzo ya betri inayofungwa kwenye bodi ya gari na bodi ya stata, mtu akapiga stata, ikasoma zaidi ya nusu volti, yani ethi, njia ya umeme kupitia bodi ya gari, inakula umeme njiani. Nikafungua waya wa ethi wa injini nikasugua kutu nikakaza, nguvu ikaongezeka kidogo ila uvivu bado upo, basi hapo stata ina kesi ya kujibu.

Saa 2 na nusu imeshatoka. Ni Lucas M35G, zile ambazo bendeksi, kifaa chenye gia ndogo (pinioni) ya kushika flaiwili, gurudumu zito la injini, inarushwa na mzunguko wa mota yenyewe, haina solenoidi (swichi ya sumaku ya kusukuma gia) mgongoni kama za siku hizi. Kabla ya kulegeza zile bolti mbili ndefu napiga alama kwenye bodi na vifuniko ili kila kitu kirudi kilivyokaa. Nikaitikisa shafti ya amecha, kile kiini kinachozunguka ndani ya mota, inacheza. Kuichomoa tu naona mistari inayong'aa kwenye chuma chake, na jamani ugonjwa ndo huo: bushi, yani pete zinazoshika shafti, zimelika, amecha imeshuka inakwaruzana na vyuma vinavyoshika koili (nyaya zilizosokotwa za kutengeneza sumaku), umeme unaliwa mwingi halafu nguvu haifiki kwenye flaiwili. Koili zenyewe nzima kabisa! Ndo maana inaniuma nikiona stata za namna hii zinatupwa kwenye vyuma chakavu wakati kilichokufa ni bushi tu.

Saa 4 ni komyuteta, ile silinda ya vipande vya shaba inayopokea umeme kwenye amecha, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Msasa uwe laini wa kawaida, usiwe wa emeri, maana chembe zake zinapitisha umeme zikibaki kati ya vipande vya shaba. Ikiwa na mabonde inakerezwa kwenye lethi kidogo sana. Halafu ile maika, kizuizi cha umeme kati ya vipande vya shaba, kwenye dainamo ya kuchaji betri tunaichimba ishuke chini ya shaba, ila kwenye stata hizi za Lucas HAICHIMBWI, kitabu chao cha ufundi kinakataza kabisa. Nimeshapokea stata nyingi zilizochimbwa na watu wenye nia njema.

Saa 6 kaboni, vipande vinavyogusa komyuteta kupeleka umeme. Ziko nne, mbili zinaenda ethi kwenye kifuniko na mbili zimechomelewa kwenye koili. Zikilika mpaka urefu wa milimita 8 zinabadilishwa. Nachomelea na pasi kubwa ya risasi, haraka, risasi isipande kwenye waya uliosukwa, ikipanda waya unakakamaa na kaboni inaning'inia haigusi vizuri. Kisha nafunga msasa kuzunguka komyuteta nazilainisha kaboni zipate mviringo wake.

Nikala, nikarudi.

Saa 8 bushi mpya, zimelala kwenye oili ya injini tangu jana ili vile vitundu vyake vinywe. Nazisukuma na shafti iliyong'arishwa yenye saizi ileile ya shafti ya amecha, na sizipanui kwa rima, kile chuma cha kupanulia tundu, hata kidogo, rima inaziba vitundu na oili haitoki tena. Bendeksi naiosha kwa mafuta ya taa naikausha basi. Hakuna grisi wala oili, vumbi la klachi linaganda humo na pinioni inakwama badala ya kuruka.

Saa 9 na nusu naifunga kwenye jiliwa, naigusisha betri sekunde chache tu, maana mota ya aina hii bila mzigo inazidi kupanda kasi. Sauti imenyooka, haikwaruzi. Mhandisi Mmarekani Charles Kettering na wenzake waliweka stata ya umeme kwenye Cadillac za 1912 na mpaka leo kinachofanyika humo ndani ni kilekile, shaba, kaboni na sumaku, na kinatengenezeka kwa mikono.

Saa 10 jioni imerudi kwenye gari. Tukawasha, tukaacha injini ichemke vizuri, tukazima, tukapiga tena ya moto. Imeshika palepale. Mwenye gari nimemwambia injini ikigoma asiishikilie stata zaidi ya sekunde 10, aiache ipoe ndo ajaribu tena, na ule waya wa ethi aukague kila akimwaga oili.